Pindo

Shangazi Mwanashee hakuniuliza kama nina kadi.
Aliniuliza suruali ya safari ina pindo la inchi ngapi.

Usiku wa mwisho, Langoni, umeme umekatika,
nilimshikia tochi ya simu hadi mkono ukafa ganzi,
yeye uzi mdomoni, akinigawia maisha:
"Za hospitali, kifuani kwa babako.
Hakuna wa kumpapasa mgonjwa.
Za chakula na teksi, mfukoni, ndogondogo,
anayekuona ukilipa aone umaskini.
Na hizi," hakunionyesha, "hizi za pindo.
Usizifumue mpaka dunia ikufunge."

Kijana wa benki alikuwa na wasia wake:
nambari ya siri usiiandike popote,
tuarifu siku ya kuondoka,
dola ziwe mpya, zisiwe na mkunjo wala doa la wino.
Nikaitikia naam, naam,
kama mtu anayesomewa khutuba ya nikaha.

Kiwanja cha Manda, askari akamwambia baba ainue mikono.
Akainua. Moyo wake mbovu
umefunikwa kwa mchango wa watu arubaini na mmoja,
majina yao nimeyaandika kwenye daftari,
hata la muuza maji aliyetoa hamsini.

Chennai, siku ya sita.
Za kifuani zimekwisha kuwa stakabadhi.
Mashine ikaimeza kadi yangu
kimyakimya, kama mbuzi na ganda la ndizi,
ikaandika kwa adabu: wasiliana na benki yako.
Benki yangu iko Lamu, na leo Jumapili.
Nambari ya kupiga iko mgongoni mwa kadi.
Kadi iko tumboni mwa mashine.
Na simu, ambayo nyumbani hununua hata mkate wa mofa,
hapa ilikuwa saa tu.

Chooni, nyumba ya wageni, nimekalia ndoo iliyopinduliwa,
nikafumua kwa wembe.
Mguu wa kulia: dola mia mbili
zimeviringwa nailoni, kavu kama karafuu.
Mguu wa kushoto: noti tano za elfu elfu,
zile za zamani,
zilizokufa mwaka ule serikali iliposema
zirudishwe kabla ya Oktoba.

Nilizitandaza gotini.
Kofia mbili za vito, nilikadiria.
Miezi ya macho.
Alizificha wezi wasizione,
shemeji wasizione,
na tangazo la redio nalo likapita mlangoni
lisizione.

Mia mbili zilitufikisha Jumatano.
Jumatano benki ikaamka. Siku ya ishirini na tatu
baba alipanda ngazi za darini kwake
akasimama mara moja tu,
na hiyo moja, alisema, ni ya kumwangalia paka.

Shangazi hakuanza na salamu.
"Pindo?"
"La kulia lilituokoa," nikasema.
"La kushoto sikuligusa. Haya, elfu tano zako."
Nilikuwa nimezitoa benki asubuhi ile, mpya, zinanuka wino.

Akazigeuza. Akazinusa.
"Si zangu hizi."
Tukatazamana, nje punda akipita na mchanga wa ujenzi,
akapita mpaka mwisho wa kichochoro.

Kisha akazikunja nne,
akazikunja tena,
akauliza nani kaichukua sindano yake.