Orodha Nyuma ya Bili ya Gesi

Govanhill, Desemba. Saa kumi jioni na giza limeshakaa
kama mgeni asiyeulizwa anaondoka lini.
Nimegeuza bili ya gesi, deni limelala kifudifudi,
na mgongoni mwake naandika albamu zangu za mwaka.

Ya kumi: vijana wa Dundee
waliorekodi ndani ya kanisa lililouzwa.
Gitaa linaingia kama aliyechelewa ibada,
kwa ncha za vidole.
Wimbo wa nne unanichosha.
Wamepona kwa ajili ya wa tano.

Ya tisa: binti wa Hull na besi yake, basi.
Haimbi. Ananong'ona habari za mama yake na friji bovu,
nami Machi nzima nilikuwa naye kwenye dobi la hospitali,
shuka kwa shuka,
hadi mpigo wake ukawa mkunjo wangu.

Ya nane na ya saba zinagombana. Niziache.

Ya sita nimeifuta.
Kila gazeti liliisifu, mabango yakajaa hadi stesheni,
nikatoa pauni ishirini na nane, santuri ya rangi ya chungwa,
na Ruaridh wa dukani akanitazama kwa huruma, akameza neno.
Ngoma ikivuma sana, mwisho wake mnaujua.
Siku hizi imekaa dirishani, chini ya kopo la mnanaa.

Raya anapita, mswaki mdomoni:
"Baba, orodha hiyo anaisoma nani?"
Hakuna.
"Sasa mbona unabishana kwa sauti?"

Ya tano, ya nne… ngoja, ya nne ni hii:
ndugu wawili wa Halifax, ile ya Kanada,
mmoja aliisusa bendi katikati ya kurekodi.
Unamsikia. Ngoma zinakatika, viatu, mlango,
na mwenziwe hakuukata ule mlango.
Ameuacha ubamizwe kila tunapousikiliza.

Ya tatu: wazee wenzangu wa Leeds.
Magoti yamekwisha, magitaa bado yana meno.

Ya pili haina kosa hata moja.
Nimeitafuta ila miezi sita, sijaiona,
ndiyo maana ni ya pili.

Ya kwanza haiuzwi.

Ilikuwa chini ya kitanda changu, chini ya mbao,
kwenye chumba cha ardhini: watoto wanne, wimbo mmoja,
Februari hadi Septemba. Mpiga ngoma hakuwahi hata siku moja.
Mimi natoka zamu ya usiku, saa tano asubuhi wanaanza,
mto nauweka juu ya kichwa badala ya chini.

Mei nilishuka na hasira yangu na kandambili.
Akafungua msichana mwenye plasta kidoleni,
akaomba radhi, kisha, kabla sijafungua kinywa:
"Pale baada ya kiitikio, huko juu panasikikaje?"
Nilikuwa nimebeba matusi ya lugha mbili.
Nikasema: mnapakimbilia. Pangojeni kidogo.

Kesho yake walipangoja.
Pengo, upana wa pumzi,
halafu gitaa likashuka lote kwa pamoja
na glasi yangu ya maji ikatetemeka kando ya kitanda.
Mcheza kwao hutuzwa, husema watu.
Kwao ni wapi, mtu anapocheza chini ya usingizi wa mwingine?

Oktoba mwenye nyumba alipandisha kodi.
Likaja gari jeupe, ngoma zikatoka zimevikwa blanketi
kama wagonjwa. Jina la wimbo sikuuliza.
Jina la bendi nadhani hawakuwa nalo.

Nimeandika: 1. Sakafu.
Raya amesoma begani mwangu, hakucheka.

Bili inadaiwa Ijumaa.
Na bado, saa tano asubuhi, chini kukiwa kimya,
mguu wangu hugonga ukutani mara tatu, husita,
hungoja pale nilipowaambia wangoje.