Mkwaruzo wa Lenzi

Mswada umekuja bila jina, kama ilivyo desturi.
Kurasa kumi na tisa, picha nane za seli za ini.
Nje, ukungu wa bahari umeimeza Dundee
hadi ghorofa ya pili ya jengo letu;
daraja halionekani, treni inasikika tu.

Nimesoma mbinu, nimesoma matokeo,
nimetia alama ya kuuliza kwenye jedwali la nne.
Kisha picha ya tatu: pale juu, kulia,
uzi mweupe, mwembamba kama kope.

Uzi ule naujua.
Ni mimi niliyeuchora, Januari moja,
kwa zipu ya mkono wa koti, nikifuta lenzi
kwa pupa ya mgeni anayetaka aonekane msafi.

Koti lenyewe alinipa yeye, Profesa Lorimer,
siku aliponikuta kituo cha basi nimejikunyata
ndani ya kanga mbili na sweta la shule.
"Lilikuwa la binti yangu," alisema. "Amerefuka."
Na jopo la vifaa lilipouliza nani kaikwaruza hadubini,
alijibu: uzee.

Sasa picha ya saba. Mgonjwa mwingine, inasema. Dozi nyingine.
Uzi uko chini, kushoto.

Kovu la lenzi halihami, Profesa.
Wewe ndiwe uliyenifundisha.
Ni picha ile ile, imepinduliwa kichwa chini,
ikapewa mgonjwa asiyekuwapo;
na huko mbele, kwenye hitimisho, kuna dawa,
na mbele ya dawa kuna mtu na ini lake.

Fomu ya jarida ina kisanduku kimoja kidogo:
Je, unamfahamu mwandishi? Je, kuna mgongano wa maslahi?
Maslahi. Nimelikodolea macho neno hilo
mpaka chai ikatanda utando.
Hawakuacha nafasi ya kuandika: koti.
Hawakuuliza fadhila ina kilo ngapi,
wala kama asante yangu ni ya punda.

Nimetia alama: Ndiyo.
Nimemwandikia mhariri, Bi Fairweather, mistari mitatu:
namfahamu; naomba kujitoa;
mwingine azilinganishe picha ya tatu na ya saba.
Neno "samahani" nimelifuta mara mbili.
Mara ya tatu nimeliacha, sijui namwomba nani.

Saa kumi jioni, giza tayari.
Koti linaning'inia nyuma ya mlango.
Baridi ni baridi; nimelivaa.
Zipu imekwama palepale inapokwama siku zote,
nikashuka ngazi nimelishikilia kwa mkono.