Nukta ya Wanja

Nyumba hii ya Kibokoni ilijengwa na mtu mwenye haya.
Ukipita mlango mkubwa hukuti chumba, wakuta ukuta,
kisha daka, baraza ya mawe, pahala pa kukohoa
ili walio ndani wawahi kuvuta mitandio.
Madirisha ya juu yana mbao zilizotobolewa:
namwona muuza mofa akihesabu chenji,
naye akiinua uso, aona mbao.

Miaka mia na ushei hesabu hiyo ilisimama:
wa ndani aona, wa nje haoni.

Kisha Munawar akatuma boksi kutoka Doha.

"Nimkose mwanangu kwa lipi?" alisema.
Kitu cheupe, kichwa kama yai la bata,
shingo yazunguka, jicho moja, taa ya kijani.
Nikakitundika juu ya kitanda cha Nawal,
kwenye msumari uliokuwa wa hirizi.

Na nisiseme uongo, nilikipenda.
Nilikaanga bajia, simu imeegemea mkebe wa chumvi,
nikamwona apiga miayo, akunja kidole cha mguu.
Munawar akitoka zamu, sauti yake hushuka ukutani:
"Baba yupo, lala."
Na mtoto hulala.

Usiku wa kuamkia Jumatano, saa nane,
umeme ndiyo kwanza umerudi,
nanyonyesha, kifua wazi, kichwa chote mafuta ya nazi.
Nikasikia: krii.
Shingo imegeuka.
Haikumtazama Nawal.

Nikatabasamu, mjinga mimi. Nikapunga mkono.
"Hulali, baba Nawal?"
Kimya. Pumzi tu,
kama ya mtu anayemeza kikohozi.

Asubuhi nikampigia.
"Saa nane? Nilikuwa juu ya kreni, simu iko kabatini."
Akanyamaza. Kisha polepole:
"Ulikuwa umevaa nini?"

Sikumjibu.
Swali hilo nalo lina shingo inayogeuka.

Nikakipeleka Mwembe Tayari, kwa Kassamu afunguaye simu.
"Nywila ni ile ya kiwandani, dada. Moja mpaka sita.
Ni kutia komeo mlangoni, halafu
ukaandika kwa chaki namna ya kulifungua."
"Nani alikuwa akitazama?"
"Hutajua. Labda mtu. Labda watu. Labda hakuna."
Akaandika nywila mpya kwenye kipande cha gazeti,
akaikunja ndogo, kama kombe la kunywa.

Labda hakuna: hilo ndilo lililoninyima usingizi.
Mwizi huvunja, huacha alama ya kiatu.
Huyu hakuchukua kitu. Nimehesabu:
vikombe, bangili, mtoto.
Vyote vipo, ila mimi
nanyonyesha na buibui chumbani mwangu.

Nikasema nakitoa. Mama mkwe, Bi Batuli, akakataa.
Hajui nywila wala mtandao.
Ajua kwamba kila usiku hukaa chini ya msumari ule,
miguu ameinyosha mkekani,
na mwanawe humwamkia kutoka ukutani.
"Ukimtoa huyo," alisema, "nitazungumza na nani?"
Nikakosa la kusema.

Jioni nampaka Nawal wanja,
nukta moja kipajini, kinga ya kijicho cha wapita njia.
Kidole changu kilikuwa bado cheusi.
Nikapanda kigoda.

Munawar akapiga.
"Sioni kitu. Giza tupu."
"Wasikia?"
"Nasikia. Apumua."
"Basi sikiliza."

Alisikiliza sana. Kisha akaniomba radhi
kwa jambo ambalo hakulitaja,
akamwamkia mamake, akalala.

Nami nilikuwa nimevua buibui,
usingizi unanijia kwa mara ya kwanza tangu Jumatano,
nikasikia: krii.
Kushoto. Kulia. Kipofu anayepapasa ukuta.

Nikakohoa,
mimi mwenye nyumba,
kama mgeni aliyesimama dakani.