Visigino vya Tela

Kitabu cha gari kimeandika: tani tatu na nusu.
Nilimsomea Musallam ukurasa wenyewe,
kidole juu ya tarakimu,
naye akapandisha ng'ombe wa nne.
Ukurasa unaofuata, wa breki, sikuufungua.

Waya wa breki za tela ulikatika tangu Shaabani.
Niliuzungushia utepe mweusi,
nikauambia, kama mtu anavyomwambia mdai wake:
ngoja Idi ipite.

Kisha tukaanza kushuka kutoka Kairun Hairiti,
kharifu imeifunika milima yote ya Dhofari,
ukungu mzito kama dang'a,
manyunyu yasiyo na sauti,
lami imelamba mafuta ya malori ya mwaka mzima.
Salala iko chini huko, haionekani,
inanukia tu: ubani na dizeli.

Kona ya kwanza nilikanyaga, zikakamata.
Ya pili zikakamata kwa kusitasita.
Ya tatu pedali ilizama, laini,
kama mguu uliokosa ngazi gizani.

Ng'ombe wakahamia mbele, wote wanne, kwa pamoja.
Niliusikia uzito wao kiunoni mwangu.
Halafu, kwenye kioo cha pembeni,
nikaliona tela langu mwenyewe
linakuja kunipita.

Kitu unachokivuta hakitakiwi kukutazama usoni.

Musallam alianza kusoma dua kwa Kiarabu,
akamalizia kwa Kijibali.
Mimi sikusoma kitu. Niliutoa mguu kwenye breki,
mwili mzima ukinikatalia,
nikashusha gia, ya tatu, ya pili,
injini ikalia kilio cha mbuzi,
nikaushika usukani wima, sikuuzungusha,
mpaka tela likarudi mahali pake, nyuma,
shingo upande.

Tulisimama penye changarawe.
Moshi wa magurudumu ukapotelea ndani ya ukungu
kana kwamba haukuwa wetu.
Musallam akaja mbio na dumu la maji.
Nikamshika mkono: acha,
chuma hiki ukikinywesha sasa hivi kitapinda.
Basi tukangoja. Saa nzima. Ng'ombe mmoja akakojoa,
mkojo ukapita katikati ya viatu vyetu
ukiteremka taratibu, ukiijua njia.

Nikamkumbuka babu yangu wa Malindi, Unguja,
hamali wa mkokoteni.
Utotoni nilidhani nguvu zake ziko mabegani.
Siku alipooshwa ndipo nilipoziona nyayo:
vidole vilikuwa vya kawaida tu.
Visigino ndivyo vilivyokuwa gome,
vina nyufa za kuingia sarafu.

Waya mpya, kule Awqad, kwa Bashiri fundi umeme:
riali tatu na nusu.
Hesabu hiyo nimeirudia mara nyingi tangu siku ile,
haijapata kunitoka sawa.

Siku hizi, kabla sijatoka uani,
naliburuta tela hatua kumi, nakanyaga, nasimama.
Naingojea ile "tk" ya sumaku
kwenye magurudumu ya nyuma.
Mayasa huniuliza, dirishani, nasikiliza nini.
Namwambia: nyayo.