Miguu ya Moto

Kasoki alifika saa moja asubuhi, akiisukuma.
Hakuniamkia kwanza. Alisema, "Haisimami."

Moto nyekundu, tangi limechubuka,
nyuma imechutama kama kuku anayetaga.
Amotisa alizifupisha mwaka jana kule Katindo
kwa sababu miguu yake haikufika chini,
na Goma hii, chini si mahali pa kukisia:
jiwe moja limejitokeza, la pili limejificha,
motari asiyegusa huanguka na abiria wake.
Wanaume wa parkingi walicheka siku tatu.
Siku ya nne alikuwa na wateja wao. Wakanyamaza.

Sasa amenunua bekiye ya katikati,
mpya, bado imevaa nailoni,
ya moto yenye kimo cha kawaida.
Nikaifunga. Bolti mbili, springi moja
iliyoniruka ikanila kidole.
Tukaishika, mimi mbele, yeye nyuma,
Sivihwa, kijana wangu wa kazi, akikanyaga kwa uzito wote.
Wapi! Miguu ilikuwa mirefu kuliko mwili.
Ilikuwa kama kumpandisha ng'ombe kitandani.

"Basi tumia ile ya pembeni," nikamwambia.

"Ya pembeni inaegama. Maziwa hayataki kuegama.
Juma lililopita yalianguka pale Mugunga, lita arobaini.
Mawe yetu yana matundu, unayajua.
Yalikunywa yote kabla sijainua moto.
Mbwa alikuja mbio, akakuta unyevu."

Nikachukua chaki.
Kipimo changu ni hiki: inua kwa matofali,
acha gurudumu la nyuma lining'inie,
pitisha vidole viwili chini yake.
Viwili vinatosha. Vinne ni majivuno.
Hapo ndipo utajua mguu uishie wapi.
Na ukate kidogo kuliko unavyotaka,
maana chuma kikishakatwa hakiombwi radhi.

Mguu wa kushoto nilikata sentimita tatu.
Wa kulia, tatu na nusu:
Sivihwa alikuwa akinisimulia mpira.

Umeme ukakatika
unyayo mmoja umeshika,
wa pili uko mkononi mwangu.

Tukakaa. Kasoki akanunua mkate, tukaumega
juu ya jiwe lililokuja lenyewe.
Kiwanja changu chote kilikuja chenyewe,
kikitiririka usiku, kikapita juu ya nyumba ya baba,
kikapoa kwa miezi.
Hapa nilipoweka mashine ya kulehemu,
chini yake, mita mbili, kuna jiko la mama.
Kwetu neno ni moja: moto ya kupanda, moto wa mlima.
Tofauti ni herufi moja,
na nani anamkimbiza nani.

"Ukikunja bekiye," nikamwambia, "itakwaruza mawe.
Umeishusha mno moto yako."
Akatafuna mkate wake mpaka mwisho.
"Hata mimi," akasema, "hukwaruza."

Saa nane umeme ukarudi bila kupiga hodi.
Nikachomelea, nikagonga nyundo, nikasikiliza.
Chuma kizuri hujibu kwa sauti fupi.
Nikapaka rangi nyeusi iliyobaki kwenye kopo la mtu mwingine.

Kasoki akakanyaga peke yake,
mwanamke wa kilo hamsini na viatu vyake.
Ikapanda. Tak!
Ikasimama wima, gurudumu la nyuma
likizunguka polepole hewani, halina pa kwenda.
Akapachika magudulia, mawili huku, mawili kule,
akazunguka moto yake mara mbili, mikono mgongoni,
kama mtu anayekagua kiwanja kabla ya kununua.

Alinilipa nusu. Nusu ya pili Jumamosi, kwa maziwa.

Ile nusu sentimita sikumwambia.
Niliijaza kwa risasi ya kulehemu, lakini kwa jicho tu,
na jicho langu la kulia limeshaungua kwa kazi.
Nimetafuta mahali palipo sawa ili nihakikishe:
uani, barabarani, hadi mlangoni pa kanisa.
Mji mzima, sijapapata.