Somo la Lazima

Jumanne, saa mbili asubuhi, orofa ya tatu,
vumbi la Ngara likiingia kwa dirisha lisilofungika,
sisi arobaini na wawili wa fasihi, historia, falsafa,
tuliokimbia hesabu tangu kidato cha pili
ikatupata hapa.

Dkt. Sarange hakuanza na namba.
Aliandika ubaoni: piga.
Nyambueni, akasema.
Pigwa, pigia, pigana, pigisha,
tukapayuka kama watoto wa chekechea.
Akaandika chini yake: umbali wa jiwe linaloanguka.
Na huu nao hunyambulika.
Umbali huzaa kasi, kasi huzaa mchapuko,
nyambueni tena mtafika sifuri, mpumzike.

Hosteli yetu hupata maji mara mbili kwa wiki.
Usiku wa Ijumaa nilipanda paani na daftari
kupima tangi kwa ufito wa Matheka, bawabu.
Mfereji ulianza kwa kishindo, ukakohoa,
ukawa uzi, ukawa tone.
Haba na haba hujaza kibaba, najua,
ila methali haikutaja saa.
Nikaukata muda vipande, vyembamba, vyembamba zaidi,
nikavijumlisha: saa kumi na dakika ishirini.
Likafurika saa kumi na moja kasorobo.
Matheka, miguu imelowa, akaniuliza
hiyo karo nalipia nini.

Kisha uwezekano.
Hapo nilidhani nimefika nyumbani.
*Li* ni moja kamili: limepita, halibishaniwi.
*Hu* ni mvua ya Aprili: hunyesha,
lakini haikuahidi Jumanne hii.
*Ki* huupunguza ulimwengu: ikinyesha,
tunazitupa siku zote za jua, tunahesabu upya.
Na *ngali*, mwalimu?
Hiyo, akasema akifuta ubao, sina kanuni yake.

Akarusha sarafu ya shilingi ishirini.
Ndovu. Ndovu. Ndovu. Ndovu.
Ya tano?
Kasyoka wa historia akaruka: sasa ni zamu ya upande wa pili!
Sarafu haina zamu, akasema Dkt. Sarange.
Sarafu haina kumbukumbu.

Kalamu yangu ikasimama.

Kwetu Funyula tulizaliwa watatu.
Wandera ana selimundu.
Nafula alikuwa nayo.
Mimi sina, na tangu nipate akili
nimewasikia shangazi zangu, kwa upole kabisa,
wakisema wale wawili walibeba fungu langu.
Nimecheza mvuani kwa fungu lao.
Nimelala usiku mzima bila kushika magoti kwa fungu lao.
Nimekuja Nairobi.

Nikachora matawi manne, mara tatu, ukingoni mwa ukurasa.
Robo. Robo. Robo.
Kila mimba ilirushwa peke yake.
Nikafuata tawi langu kwa kidole hadi mwisho,
halikugusa lao popote.
Robo tatu zilizoniokoa hazikutoka mfukoni mwa mtu.
Nilitaka kufurahi. Nilijikuta nahesabu tena,
kama mtu aliyerudishiwa chenji nyingi kupita kiasi.

Nikampigia mama. Alikuwa akipima dagaa sokoni,
nilisikia kopo likigonga gunia.
Nikamweleza sarafu, ndovu, matawi.
Akanyamaza hadi mteja akaondoka.
Kwa hiyo hakuna aliyemlipia mwenzake?
Hakuna, mama.
Na mimi na baba yako, hatukukosea mahali?
Hamkukosea.
Akavuta pumzi. Kopo likagonga tena.
Na Nafula, akasema, Nafula angali...

Mtandao ukakatika.
Nilibaki ngazini na simu sikioni,
mimi mwanafunzi wa lugha, mwaka wa tatu,
nisijue kama alikuwa akitaka kusema angalipona
au angali nasi.