Zamu ya Jumapili

Jua la Tartu huchomoza saa tatu asubuhi, shingo upande,
na Maarika Tamberg keshafika kazini,
theluji ikimyeyukia viatuni.
Jengo tupu. Mlinzi Heldur anasoma gazeti la juzi,
anauliza bila kuinua macho:
"Wanao hawajashiba tu?"
"Hawashibi," anasema. "Huo ndio ugonjwa wao."

Nje, nyuzi ishirini chini ya sifuri,
mto Emajõgi umelala chini ya barafu.
Ndani ya kiatamizi, thelathini na saba, usiku na mchana,
joto la mtu asiye na homa,
joto la mwanamke wa Võru
aliyezikwa miaka kumi na miwili iliyopita,
na ambaye ini lake, kipande kisichozidi punje ya mtama,
bado linakula.

Chupa ya kwanza: waridi. Chakula kipo.
Ya pili imeanza kuchungwa rangi.
Ya tatu njano, njano ya mkojo wa alfajiri:
zimemaliza sukari yote
na kutapika asidi palepale zinapolala.

Hili limemnyima usingizi miaka tisa:
hewa zinayo.
Oksijeni tele, ya bure, haina foleni.
Seli yenye adabu huchukua glukosi,
huipeleka kwenye mitokondria, huichoma polepole
kama mjane anayebana kuni.
Hizi huichachusha juujuu, huilamba, huitupa,
hushika nyingine.
Mlafi gani huyu asiyekula ili ashibe?
Alichelewa kuelewa kwamba si mlafi, ni fundi.
Sukari iliyomegwa nusu
ni tofali: utando wa binti, uzi wa jeni,
chumba kingine tena
katika nyumba isiyo na ramani wala mwenyewe.

Wahenga walionya, kikulacho ki nguoni mwako.
Hawakusema la kufanya
nguo yenyewe inapoanza kula.

Oktoba alizifungia mlango.
Dawa isiyo na jina, namba tu,
ilikaba kimeng'enya kimoja
kama kizibo kwenye shingo ya chupa.
Siku tatu rangi haikugeuka. Waridi, waridi, waridi.
Kaupo, mwanafunzi wake, alileta keki
na kuchora ubaoni mstari unaoshuka, kwa wino wa kijani.
Siku ya nne, chini ya hadubini, seli zilikuwa zimenywea,
zimejikunja kama watu waliokosa blanketi,
na Maarika, Mungu amsamehe, alizionea huruma.

Siku ya tisa zilikuwa zinagawanyika.
Zimeachana na glukosi, zimezoea glutamini.
Umefunga sebuleni, zimepita jikoni.
Mstari wa kijani haujafutwa mpaka leo;
hakuna anayetaka kuwa wa kuufuta.

Simu inatetemeka mfukoni. Mama, kutoka Supilinn,
Mtaa wa Maharage, jirani na Njegere na Viazi.
"Umeilisha chachu yangu?"
Ile ya mkate mweusi, ambayo bibi
aliikausha kwenye kitambaa, ikaenda naye Siberia
na kurudi naye, hai.
"Nimeilisha, Mama."
Hajailisha. Imesahaulika tangu Alhamisi
juu ya friji, ndani ya kopo lililofunikwa sahani.

Anasimama na chupa ya njano mkononi.
Kabla dunia haijapata hewa ya kuvuta
kila kilichoishi kiliishi hivi, kwa kuchacha.
Huenda hizi hazikuharibika.
Huenda zimekumbuka kitu
ambacho sisi wengine tulikubali kukisahau
ili tukae pamoja, tuitwe mwili.
Wazo hili halifai kuandikwa kwenye ripoti.
Halimponyi mtu.

Anamwaga njano, anatia waridi, anafunga.
Mlango unabana kwa pumzi ndogo.
Anavua glavu; vidole vinanuka klorini.
Kwenye daftari: Siku ya 41. Zinakula. Tafuta mlango wa tatu.
Kisha pembeni, mahali pasipo na safu ya jambo hilo,
nunua unga.